Muhogo mmoja, majina matatu

Mzigo wa pingili uliteremshwa kwenye bodaboda pale Misungwi, umefungwa kwa kamba ya katani, na kabla haujatua chini ulikuwa umeshapata majina matatu. Kijana aliyeuleta alisema ni Mkombozi. Mama aliyekuwa anaununua akachomoa pingili moja, akakwaruza ganda kwa kucha, akasema huu ni Liongo Kwimba, ule ule alioukuta kwa wakwe zake. Mzee mmoja mpita njia akasimama, akautazama, akasema kwao Sengerema mbegu hiyo inaitwa kwa jina la mtu aliyevuka nayo ziwa.

"Mayu, kwenye karatasi wameandika Mkombozi," kijana akajitetea.

"Karatasi haioti, baba."

Wiki kadhaa sasa ubishi huo haujanitoka kichwani, kwa sababu jibu lake lina uzito wa mwaka mzima wa shamba. Mkombozi huvumilia batobato, ila michirizi kahawia huupata. Liongo Kwimba ni mbegu ya asili ya huku kwetu, watu wanaipenda, na magonjwa yote mawili yanaipenda pia. Batobato utaiona mapema kwenye majani. Michirizi kahawia inaweza kukuachia majani ya kuridhisha kabisa, halafu ukiwa na jembe mkononi mwezi wa kumi na mbili tangu kupanda unakuta kiazi kimeoza ndani, kimefanya mabaka makavu ya rangi ya kahawia.

Nani kati ya wale watatu alikuwa sahihi?

Siku hizi jibu la haraka ni "pimeni vinasaba". Nakubali, pimeni. Lakini kipimo hicho kina mahali kinapoteleza, na mahali hapo hapazungumzwi.

## Macho yana mipaka yake

Ukiriguru, kama vituo vingine vya utafiti, hutambua mihogo kwa orodha ya sifa: rangi ya kikonyo cha jani, rangi ya jani changa la kileleni, idadi ya vidole vya jani, rangi ya shina, ganda la nje na la ndani la kiazi, rangi ya nyama. Sifa hizo hupimwa kwa awamu, miezi mitatu, sita, tisa, kwa kuwa mmea hubadilika kadiri unavyokua.

Tatizo ni kwamba mmea wenye batobato kali hupinda vidole vya jani hadi huwezi kuvihesabu. Ukame hubadilisha rangi ya kikonyo. Na ndugu wawili waliozaliwa na baba mmoja na mama mmoja wanaweza kufanana sifa zote za orodha, kasoro ile moja inayokuhusu.

Mama wa Misungwi ana vipimo ambavyo orodha haina: namna ganda linavyobanduka, kiazi kinavyoiva, muda wake ardhini kabla hakijawa kigumu. Sidhani kama anakosea mara nyingi. Ila ujuzi wake unaishia pale mbegu anayoijua inapoishia.

## Jani moja, mfuko mmoja

Kazi ya vinasaba huharibikia shambani kuliko maabara, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Chukua jani changa, ambalo halijafunguka sawasawa, la kwanza hadi la tatu kutoka kileleni. Jani pevu lina ulimbo na wanga mwingi, na vyote viwili vitakusumbua mbele. Kata kipande kidogo, weka kwenye mfuko wa karatasi mfano wa majani ya chai, kisha uzike ndani ya punje za silika ambazo uzito wake ni angalau mara kumi ya uzito wa jani. Kesho yake jani likikunjwa livunjike kwa mlio. Likipinda tu, halijakauka, na DNA yake imeanza kukatika vipande. Kando ya ziwa hewa ina unyevu, hivyo silika huchoka upesi. Ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, badilisha.

Usiweke majani mabichi kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha kwenye gari lililoegeshwa juani. Hilo limeua sampuli nyingi kuliko kosa lolote la maabara.

Mfuko mmoja, mmea mmoja. Muhogo hubeba nakala mbili za kila kromosomu, jumla 36, kwa hiyo alama yoyote ya kawaida, yaani sehemu ya DNA tunayoilinganisha, itaonesha sura moja au mbili, basi. Ukiona tatu kwenye sehemu nyingi, kuna mtu amechuma mimea miwili akaitia mfuko mmoja, au matone yamerukiana maabara.

Andika kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethano. Na piga picha ya lebo ikiwa imeshikwa mbele ya mmea wenyewe, pamoja na majiranukta ya GPS.

Swali linaloniudhi ni la idadi. Miradi mingi huchuma mmea mmoja kwa kila jina kwa kila shamba, kwa sababu bajeti. Lakini shamba la mkulima wa kawaida ni mchanganyiko. Ukichuma mmoja umeamua kabla ya kupima kwamba shamba lina aina moja. Chukua mitatu kwa kila jina, na wowote ambao mwenye shamba mwenyewe anausema "huu sijui umetoka wapi".

## Ute

Utaratibu wa kutoa DNA kwenye muhogo ni ule wa kale wa CTAB, aina ya sabuni inayopasua seli, na unafanya kazi. Jani linasagwa likiwa kavu kabisa, linatiwa kwenye mchanganyiko wa CTAB wenye chumvi ya 1.4 M, linakaa kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 30 hadi 60, linasafishwa kwa klorofomu na pombe ya isoamili kwa uwiano wa 24 kwa 1, DNA inagandishwa kwa isopropano baridi, inaoshwa kwa ethano ya asilimia 70.

Ukiona rangi ya kahawia, ni fenoli za jani zimeshika DNA. Ongeza PVP na beta-merkaptoethano kabla ya kuanza, kwa sababu baada ya rangi kutokea hakuna dawa ya maana. Ukiona ute unaovutika kwenye ncha ya pipeti, huo ni wanga. Ongeza chumvi, rudia hatua ya klorofomu. Kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga, uwiano wa nanomita 260 kwa 280, kinaweza kukupa 1.8 safi kabisa na bado PCR, ile hatua ya kunakili DNA, ikagoma, kwa sababu wanga hauonekani hapo. Tazama 260 kwa 230. Ikiwa chini ya 1, usijisumbue kupeleka. Na kabla hujalaumu kitu kingine, hakikisha ethano imekauka yote.

Halafu kuna sahani ya sampuli yenye visima 96, mistari A hadi H, nguzo 1 hadi 12. Mtu akiigeuza kwa nyuzi 180, A1 inakuwa H12 na kila sampuli inapata jina la mwingine. Hakuna kengele italia. Namba zote zitatoka nzuri, safi, na za uongo. Kinga yake ni rahisi: acha kisima cha H12 kitupu, na kingine kitupu mahali pasipo na ulinganifu, tuseme C5. Majibu yakirudi na A1 tupu, unajua kilichotokea.

## Hesabu ya kufanana

Hapa ndipo ubishi wa Misungwi unaponirudia.

Muhogo hupandwa kwa pingili, kwa hiyo mimea yote ya kloni moja, yaani nakala za shina moja, inapaswa kufanana kwenye kila alama. Tuseme tunatumia mikrosatelaiti 20, zile sehemu za DNA ambapo herufi mbili au tatu hujirudia kama wimbo uliokwama, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mmea na mmea. Tuseme pia uwezekano wa mimea miwili isiyo na undugu kufanana kwenye alama moja ni 0.3. Kwa alama 20 zilizo huru, uwezekano wa kufanana zote kwa bahati unakuwa moja kwa karibu bilioni 29. Mtu akisikia hivyo anafunga faili.

Asifunge. Mbegu zilizoboreshwa mara nyingi ni ndugu, watoto wa wazazi wale wale. Kwa ndugu, kufanana kwenye alama moja kunakaribia nusu. Alama 20: moja kwa milioni moja na kidogo. Alama 10, kama maabara yenye bajeti ndogo inavyofanya: moja kwa 1,024. Kwenye mkusanyiko wenye jozi maelfu, hapo utaunganisha ndugu na kuwaita mtu mmoja.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Tuseme kila usomaji una kosa la asilimia 1, ambalo si kubwa. Ukilinganisha mimea miwili kwa alama 20 umefanya usomaji 40. Uwezekano wa kupata angalau kosa moja ni asilimia 33. Maana yake theluthi moja ya kloni halisi, pingili za shina lile lile, zitaonekana tofauti.

Kwa hiyo sharti la "zifanane zote" linatenganisha mapacha, na sharti la "tofauti mbili si kitu" linaunganisha ndugu.

Alama za herufi moja, zile wenyewe wanaziita snipu, zimepunguza shida kwa wingi wake, maana unapata maelfu kwa mkupuo. Hazijaiondoa. Muhogo umejaa sehemu ambapo nakala zake mbili zina herufi tofauti. Sehemu kama hiyo ikisomwa mara 2 tu, kuna nusu kwa nusu kwamba mara zote mbili umeiona herufi ile ile, ukaandika kwamba hazitofautiani. Ikisomwa mara 8, hatari hiyo inashuka hadi 1 kwa 128. Ukipokea majedwali kutoka maabara ya nje, swali la kwanza liwe hilo: kila sehemu imesomwa mara ngapi?

Mpaka kati ya "huyu ndiye" na "huyu ni ndugu yake" hauandikwi kwenye kitabu chochote. Unatafutwa kwenye data yenyewe. Ingiza marudio ya siri, asilimia 5 hadi 10 ya sampuli, jani lile lile likiwa na namba mbili tofauti, na usiwaambie maabara. Chora umbali wa jozi zote, yaani idadi ya alama ambazo kila jozi inatofautiana. Kukiwa na bahati utaona vilima viwili, kimoja karibu na sifuri, kingine mbali, na bonde katikati. Marudio yako ya siri yanakuonesha kilima cha kwanza kinaishia wapi. Mpaka unauweka bondeni.

Wakati mwingine bonde halipo.

Hapo mtafiti mwaminifu anaandika "hatuwezi kutenganisha", na mtafiti mwenye haraka anachagua namba iliyotumika kwenye chapisho la nchi nyingine.

## Waliotutangulia ni watu wa kakao

Watu wa kakao walipita njia hii kabla yetu. Kwa muda mrefu dunia iligawa miti ya kakao mafungu matatu: criollo, forastero, na trinitario iliyo mchanganyiko wao. Mwaka 2008 Motamayor na wenzake walichapisha uchambuzi wa sampuli 1,241 kwa mikrosatelaiti 106, wakapendekeza makundi 10. Forastero, lile fungu kubwa lililokuwa likibeba kila kitu kisicho criollo, lilipasuka vipande.

Kinachonivutia zaidi ni kazi ya chini iliyobidi ifanyike: kuchuja miti yenye vibao vya uongo. Mbegu ya kakao haivumilii kukaushwa na kuhifadhiwa ghalani, hivyo hazina yake hutunzwa kama miti hai shambani, kama lile shamba kubwa la kimataifa la Trinidad. Muhogo nao hutunzwa shambani kwa pingili. Kila unapopanda upya ni nafasi nyingine ya kibao kuhama: mvua imefuta maandishi, mtoto amechomoa kijiti, kibarua ameanza mstari kutoka kaskazini badala ya kusini. Kakao ukipanda mzazi asiye sahihi kwenye shamba la kuzalisha mbegu, kila mche utakaotoka hapo umepotea, na mkulima wa Kyela atajua baada ya miaka.

Funzo hapo ni la sampuli za rejea. Unapopima pingili za Misungwi, unalinganisha na nini? Na mmea ulioitwa Mkombozi kwenye shamba la kituo. Na huo nani kauhakiki? Chukua rejea ya kila aina kutoka vyanzo viwili au zaidi visivyopokezana mbegu. Vikipishana, simamisha kazi kwanza.

## Kaleso, Namikonga, Migyera

Majina ya mihogo yanafanya kazi kama majina tunayohifadhi kwenye simu: Fundi Bomba, Fundi Bomba 2, Mama Dagaa Igoma. Yanatosha kabisa kwa mwenye simu. Shida ni ukimpa mtu mwingine simu hiyo aitafutie watu.

Pwani ya Kenya kuna muhogo unaitwa Kaleso. Tanzania kuna Namikonga, unaosifika kwa kustahimili michirizi kahawia. Alama za vinasaba zilionesha kuwa ni kloni moja, namba 46106/27 ya kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, ambako kuanzia miaka ya 1930 mtafiti Storey na wenzake walichanganya muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii, wakitafuta kinga ya batobato na michirizi. Mradi ulifungwa, makaratasi yakaenda kabatini, pingili zikaendelea kutembea mikononi mwa watu na kupewa majina.

Nasaba nyingine ya Amani ilikwenda Nigeria, ikawa mzazi wa mihogo iliyoboreshwa yenye majina ya TMS. Mmoja wao, TMS 30572, ulirudi Afrika Mashariki na kuitwa Migyera huko Uganda, kisha rasmi NASE 3. Majina matatu, mawili kati yake yametolewa na wataalamu wenye shahada. Siyo wakulima peke yao wanaochanganya. Na ukisoma kromosomu ya 1 na ya 4 za mihogo mingi iliyoboreshwa barani, bado vipande vya ule mpira wa Amani vimo.

## Miche isiyopandwa

Kuna mkanganyiko wa kinyume, jina moja lenye kloni nyingi, na huu nadhani ndio unaotusumbua zaidi kanda ya ziwa.

Muhogo hutoa maua. Tunda lake lina mbegu tatu, hupasuka kwa jua na kurusha mbegu chini. Msimu ukifika na shamba likasafishwa, miche huota. Wengine huing'oa. Wengine huiacha, na mche ukikua na kufanana na jirani zake, msimu unaofuata shina lake linakatwa pingili pamoja na mengine, linafungwa kwenye mzigo mmoja, na kupewa jina moja. Hakuna aliyedanganya. Lakini mche wa mbegu si nakala ya mama yake, ni mtoto. Anaweza kuwa amerithi kinga ya batobato kutoka kwa Mkombozi wa shamba jirani, au hakurithi.

Pengine mzigo wa Misungwi ulikuwa na vyote: Mkombozi, Liongo, na watoto wao. Wote watatu pale barabarani wangekuwa sahihi, kila mmoja kwa pingili aliyoishika.

Mkaguzi wa mbegu anapopita kwenye shamba la mbegu za kuazimiwa ubora, huyo mche ndiye anayemtafuta, na kwa macho ni kazi ngumu. Ndiyo sababu nashauri wazalishaji wa mbegu wang'oe kila kilichoota nje ya mstari, hata kikiwa kizuri. Hasa kikiwa kizuri, maana hicho ndicho kitakachosambazwa.

## Ambayo alama haziyaoni

Hadi hapa ningeweza kumalizia kwa kusema: pima, unganisha majina, futa ya ziada. Nimesita mara mbili.

Kusita kwa kwanza ni kwa sababu ya kinga. Mihogo mingi iliyoboreshwa hutegemea kinga ya batobato inayoitwa CMD2, iliyotoka kwenye mbegu za asili za Afrika Magharibi. Mwaka 2016 Beyene na wenzake walionesha kuwa mimea yenye CMD2 ikikuzwa maabara kwa njia ya viinitete vya tishu, inaweza kupoteza kinga hiyo. Alama za kawaida za utambuzi zingeusoma mmea uliopoteza kinga kama kloni ile ile. Halafu kuna virusi vyenyewe: pingili safi na pingili yenye michirizi zina vinasaba vya muhogo vilevile. Kipimo cha jina si kipimo cha ugonjwa, na mkulima mwenye cheti cha kwanza hana sababu ya kudhani anacho cha pili.

Kusita kwa pili ni kwa sababu ya sumu. Pingili za kloni moja zikipandwa nyingine kwenye ardhi yenye unyevu na nyingine kwenye mwaka wa ukame, za pili hupandisha sumu ya sianidi. Kijiji kimoja kinaweza kuuita mmea mtamu na kutafuna mbichi, kingine kikauita mchungu na kuuvundika siku kadhaa kupata udaga. Kwenye chati ya vinasaba ni nukta moja. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walipata konzo, ulemavu wa miguu usiopona, kwa kula muhogo mchungu uliokatishwa maandalizi kwa sababu ya njaa. Ukifuta jina "mchungu" kwa kuwa kompyuta imesema ni ule ule mtamu wa kule, umefuta maelekezo ya kupika.

Kwa hiyo jedwali ninalolitetea lina namba ya kloni iliyotoka maabara, na pembeni yake jina alilolitaja mwenye shamba, neno kwa neno, bila kusahihishwa, halafu kijiji, mwezi wa kuvuna, na kama kaya hiyo huvundika kabla ya kusaga au hapana.